Jina Langu Linazurura Maili Moja

Kibuta, Kisarawe
26 Mei 2024

Mdogo wangu Hamisa,

Salaam aleikum. Mimi mzima wa mwili, na natumai nawe u mzima pamoja na shemeji Hashiru. Hapa ni heri, kwa kadiri heri inavyoweza kukaa kwenye nyumba iliyotoka kuzika. Wifi Tunu kifua kinambana, anakohoa mpaka mbwa wanabweka. Mihogo imekomaa shambani na mwenye kuing'oa wamemfungia ndani. Machungwa mwaka huu ni mengi, wanunuzi ndio wachache.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu wifi ameifungia kabatini kwake. Anasema mwanamke wa edani mwenye simu ni sawa na mwanamke aliyekaa barabarani, kwa sababu simu haibishi hodi, inaingia tu. Sikubishana naye. Bilali wangu hajamaliza mwezi kaburini, nianze ugomvi wa simu? Nikakumbuka kwamba darasa la saba mwandiko wangu ulisifiwa. Mwamvita, mke wa Twalibu, ndiye anayeruhusiwa kuingia kunisalimia. Atatoka na barua hii, na mumewe akija huko na kirikuu, kile kigari chake cha kubebea machungwa, atakuletea.

Ulikuja kuzika ukaondoka jioni ile ile. Sikulaumu, nasema tu.

Neno lenyewe ni hili. Eda yangu inaisha mwanzoni mwa Septemba. Desturi ya huku unaijua: mjane hatolewi edani na ukoo wa mume. Wanakuja watu wake mwenyewe. Wanamwogesha, wanamvika nguo mpya, wanamshika mkono kumvusha kizingiti. Hapo ndipo anaulizwa mbele ya wote, unabaki kwetu au unaondoka na watu wako? Asiyejiwa na mtu haulizwi kitu. Anabaki pale watakapomweka. Mama hayupo, baba hayupo, shangazi miguu imemwisha. Nimebaki na wewe peke yako.

Utakuja?

Dada yako,
Mwanne


Kibaha
12 Juni 2024

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikacheka, halafu nikalia. Dunia nzima inachati, mimi nimeenda kununua bahasha kama mwanafunzi wa bweni! Muuza duka kaniuliza kama naomba kazi.

Huku kwema. Baridi ya asubuhi imeanza na vumbi la Kibaha unalijua. Ofisini bado nipo, karani ni yule yule, mafaili ni yale yale. Mpe pole wifi Tunu, mwambie anywe tangawizi.

Dada, nina habari. Nimefungua biashara! Nikitoka kazini nauza vitu vilivyotumika, mtandaoni. Mikoba, viatu, chupa za chai, mapazia, hata mashine za kusagia juisi. Mzigo nauchagua Jumamosi alfajiri mnadani, nikirudi naosha, nasugua soli za raba kwa dawa ya meno mpaka zinang'aa, natandika shuka nyeupe ukutani, napiga picha, naposti. Watu wanauliza hapo hapo. "Bado ipo?" "Mwisho bei gani?" "Niwekee dada, kesho natuma." Kesho hatumi. Lakini wapo wanaonunua, na bodaboda anapeleka.

Usicheke sasa. Ukurasa nimeupa jina lako: Kwa Dada Mwanne. Nilianza na jina langu, hakuna aliyenunua. Hamisa linasikika kama la mtu atakayekula nauli yako. Mwanne linasikika kama la mtu aliyetulia, mwenye kabati la vyombo. Tangu nilibadilishe, wateja wananiamini. Mchana kutwa wananiita Dada Mwanne, nami naitika.

Ombi dogo. Twalibu asihangaike kwenda nyumbani. Barua aziache kwenye genge la mboga la Mama Brighton, pale Picha ya Ndege, mimi napita hapo kila siku.

Septemba mbali, dada. Inshallah.

Mdogo wako,
Hamisa


Kibuta
30 Juni 2024

Hamisa,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako Twalibu alitembea nayo siku nyingi kwenye dashibodi, imenifikia ina harufu ya dizeli. Tunu anaendelea vizuri, tangawizi kaikubali, ila kasema hajaikubali kwa sababu umesema wewe. Idi kubwa imepita. Walichinja mbuzi, nikaletewa sahani mlangoni. Nikala nikiusikiliza mtaa mzima ukila.

Yaani mimi nimefungiwa ndani halafu jina langu linazurura huko kwenu Kibaha, Maili Moja! Nilicheka mpaka Tunu akaja kuchungulia. Mjane hacheki, anasema. Basi nikajifunika khanga nikacheka ndani yake. Hebu niambie, huyo Dada Mwanne wa mtandaoni anavaa nini? Anakula vizuri? Msalimie.

Umenitajia chupa za chai, mapazia na bodaboda. Shemeji Hashiru hukumtaja. Hajambo? Nilikuuliza pia mara ya kwanza.

Nina wazo. Wewe una vitu, nami nina mikono. Nguo zilizokatika vifungo, mikoba iliyofumuka bitana, zipu zilizokwama, niletee. Nitashona kwa mkono. Nimemuuliza Tunu, akamuuliza kaka yake Hamidu, Hamidu akamuuliza maalimu, jibu limerudi kwamba sindano si pambo. Mchana wa humu ni mrefu, Hamisa. Bilali alikuwa na kelele za baiskeli zake pale barazani, nyundo, pampu, redio isiyoshika stesheni, na kila siku nilimgombeza apunguze. Sasa nasikia mpaka mchwa wakila boriti.

"Inshallah" yako nimeiona. Ni neno zuri. Lakini ulivyoliweka pale mwisho lilikaa kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Mwanne


Kibaha
15 Julai 2024

Dada Mwanne wa kweli,

Shikamoo. Natumai baridi haijakuingia magoti. Hapa mzima. Mama Brighton anakusalimu ingawa hakujui, anajua bahasha zako tu. Nimekuletea gunia: mikoba, magauni ya shughuli yaliyotoka vifungo, na jaketi la mtoto ambalo zipu yake inahitaji dua.

Biashara imechanganya! Juzi niliposti sufuria za kisasa, asubuhi zikawa zimekwisha. Nimejifunza mengi. Picha ya kiatu kimoja haiuzi, ya viwili vikitazamana inauza. Ukiandika "imetumika kidogo" wanadharau, ukiandika "imetumika kwa upendo" wananunua. Kuna mama wa Mlandizi ananunua vikombe tu, kila wiki kikombe kimoja, hataki seti. Kuna mwingine anauliza kila kitu na hajawahi kununua hata uzi. Anauliza bei, anauliza rangi, anauliza nimeamkaje. Mwanzoni aliniudhi. Siku hizi asipouliza naangalia simu.

Nikuambie kitu? Watu mamia wanatazama ninachoposti, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Nikirudi jioni nawasha taa nakuta mikoba imekaa kitandani kama wageni. Naisogeza, nalala.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Nimechoka tu. Usijali.

Ukimaliza gunia mpe Mwamvita. Magauni yanahitajika, msimu wa harusi umefika.

Hamisa


Kibuta
4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Huku mikorosho imeanza kutoa maua, ndivyo anavyosema Mwamvita, maana mimi naliona anga la ukubwa wa dirisha. Yule kuku wa madoadoa ametotoa. Gunia nimelimaliza, ila halikutoka kwa amani.

Sikiliza yaliyonikuta. Ndani ya mkoba mweusi ule mkubwa, bitana ilikuwa imefumuka. Nikaingiza mkono kuinyoosha, nikagusa kitu kigumu. Kichupa cha marashi, mali ya huyo mzungu aliyekuwa na mkoba, kimesahaulika humo tangu Ulaya. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Kilinimwagikia mkononi, kikaingia kwenye mkeka, kikaingia kwenye godoro, chumba chote kikanukia bi harusi. Na wewe unajua, mwanamke wa edani hajipaki hata mafuta ya nazi yenye harufu.

Tunu akafungua mlango saa hiyo hiyo. Akasimama, akavuta pumzi. Akatoka. Alirudi na Hamidu pamoja na wake wawili wa jirani, wakanusa kwa zamu mlangoni kama wapishi. "Unajipaka marashi, Mwanne? Nani anayekuja kwako dirishani?" Nikawaonyesha mkoba. Tunu akasema mkoba haujipaki.

Nimeapa kwamba sikujipaka, na kweli sikujipaka. Ila wewe ni ndugu yangu, nitakuambia ambalo sikuwaambia wao. Nilinusa. Kabla hajaingia nilileta mkono puani, nikafumba macho, nikanusa tena. Ilikuwa ni harufu ya mtu anayetoka kwenda mahali. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Sasa hali ndiyo hii. Hamidu amesema siku ya kutoka eda watu wangu waje wajibu kwa niaba yangu. Akija mtu wangu akasema dada yangu namjua, yamekwisha. Asipokuja mtu, maana yake hata kwetu wamenikana, naye ataamua mwenyewe pa kuniweka. Chumba hiki anakitaka kwa mwanawe anayeoa. Mimi nitalala jikoni kwa Tunu na kuwapikia. Hakulisema hilo, lakini juzi alikuja kupima madirisha.

Kwa hiyo sikuulizi tena kama utakuja. Nakuambia kwa nini uje.

Msalimie shemeji Hashiru. Hii ni mara ya tatu.

Dada yako,
Mwanne


Kibaha
18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Pole. Pole sana. Nilipofika kwenye wapishi wanaonusa kwa zamu nilicheka peke yangu kama chizi, Mama Brighton akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nilipofika mwisho sikucheka. Kosa ni langu, mifuko ya mikoba mimi ndiye wa kuikagua. Mwambie Hamidu hivyo. Mwambie mdogo wangu ndiye aliyenitia matatani kwa uzembe wake.

Kuhusu siku yenyewe, nitajitahidi. Nasema kweli nitajitahidi. Tatizo Septemba mwanzoni kuna mzigo mkubwa unafunguliwa, mapazia na mazulia, na nimeshawaahidi wateja. Wewe hujui mtandao, dada. Ukinyamaza siku mbili tu wanakusahau, wanahamia kwa mwingine. Na hapa nyumbani nako kuna mambo mambo. Si mabaya. Mambo tu.

Kama ikishindikana kabisa nitakuletea nguo. Nguo nzuri, mpya, ya dukani, haijavaliwa na mtu. Mkae mkao wa kushangaa hapo Kibuta.

Yule mteja anayeuliza bila kununua amepotea. Sijui amepatwa na nini. Hata jina lake sikuwahi kumuuliza.

Hamisa


Kibuta
25 Agosti 2024

Hamisa,

Salaam. Hapa wote wazima.

Unasema watu wa mtandao ukinyamaza siku mbili wanakusahau. Mimi nimenyamazishwa tangu mwezi wa tano. Je, wewe umeshanisahau au bado?

Nguo sikukuomba. Nguo hata Tunu anaweza kunivika. Nguo haisemi "dada yangu namjua." Nataka mkono. Nataka mtu mmoja aliyenyonya ziwa moja na mimi asimame pale mlangoni, hata kama amevaa gunia, hata kama hana la kusema.

Wewe unapenda kuandika maneno yanayouza. Mimi nitaandika lisilouza: nina upweke. Nimekuwa nalizunguka kwa mihogo na kuku na machungwa. Sasa nimelisema, litazame.

Halafu hayo "mambo mambo" ya nyumbani, mtu mzima nimeelewa kwamba hutaki niulize. Siulizi. Lakini usidhani asiyeuliza haoni.

Mwanne


Kibaha
6 Septemba 2024

Dada Mwanne,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama wote hapo, na wifi kifua kimetulia.

Twalibu anakuletea kifurushi. Ndani mna gauni, mtandio, viatu, na mafuta yasiyo na harufu, nimehakikisha mara mbili. Vyote vipya. Gauni ni la rangi ya chungwa lililoiva, kwa sababu mama alikuwa anasema rangi hiyo inakupenda. Nililitundika kwenye shuka nyeupe nikalipiga picha kwa mazoea, vidole vikataka kuliposti. Nikaifuta picha.

Jumapili, siku yako ya kutoka eda, sitaweza kuja. Nisamehe.

Nimeandika sababu hapa mara nyingi nikazikata, karatasi nyingine ziko chini ya kitanda. Ningekuja wangeniuliza mbele ya wote: unamchukua dada yako? Unampeleka wapi? Nami ningetakiwa kujibu. Dada, kuna maswali mtu hawezi kuyajibu amesimama mbele za watu. Siwezi hata kuyajibu kwenye karatasi.

Si kwamba sikutaki. Lisome hilo mara mbili.

Wateja bado wananiita jina lako. Jana mmoja kaandika, "Dada Mwanne una moyo mzuri." Nilizima simu.

Mdogo wako asiyefaa,
Hamisa


Picha ya Ndege, Kibaha
9 Septemba 2024

Hamisa,

Nakuandikia juu ya karatasi iliyofunga viatu, nimekaa kwenye kizingiti chako. Salamu za leo ni fupi: mimi mzima, na wewe najua u mzima, nitakuambia nimejuaje.

Jana wanawake walikuja kunitoa edani. Walikaa mkekani wakitazama njia. Kifurushi kilifika, Tunu akakifungua mbele yao, gauni likasifiwa. Hamidu akatazama nyuma ya Twalibu kama kuna mtu, hakukuwa na mtu. Akasema, "Basi, hakuna wa kuulizwa." Walitaka Tunu anivike. Nikasema hapana. Nikaingia ndani, nikajiogesha, nikajivika, nikakivuka kizingiti peke yangu, hakuna aliyenishika. Nikamwambia Hamidu, "Hukuniuliza, ila mimi najibu. Naondoka." Waliguna wote. Mwamvita peke yake alinyanyuka akanibebea begi. Tunu akanirudishia simu bila kunitazama usoni, kisha akaniwekea muhogo wa njiani. Sijui nimweke wapi mtu yule.

Nililala kwa Mwamvita, na leo alfajiri njiani nilimwambia Twalibu anipeleke ile nyumba yenu ya vyumba vitatu. Tulipofika Mlandizi akasimamisha gari, akasema kiapo kimemchosha. Akanieleza. Kwamba Hashiru aliondoka kwenda Tunduma tangu mwaka jana na huko ana mke. Kwamba ile nyumba uliihama kabla Bilali hajaugua. Kwamba unakaa chumba kimoja nyuma ya genge la Mama Brighton, mzigo umejaa mpaka dari, na yeye ulimwapisha asiniambie. Ndiyo sababu siku ya mazishi ulikimbia jioni. Uliogopa nisije nikakuomba kulala kwako.

Kumbe tulikuwa wajane wawili tunaandikiana habari za tangawizi.

Nimegonga, hukuitika. Mama Brighton anasema leo hukwenda kazini wala hukutoka. Nikapiga namba ya ukurasa aliyonipa yeye, Kwa Dada Mwanne. Imelia humo ndani, nimeisikia hapa mlangoni. Ukaikata.

Umesema kuna maswali huwezi kuyajibu. Sina swali. Hashiru sitamtaja mpaka umtaje wewe. Hakuna nafasi, nimeelewa. Nafasi nimeiacha Kibuta, chumba kizima na ua, na humo sikupata usingizi. Sogeza mikoba, nitalala na mazulia. Sindano ninayo begini. Ukichoka na hao wanaouliza bila kununua, nitawajibu mimi, jina tayari ni langu.

Jua limenifika miguuni na watu wa genge wananitazama gauni. Nasukuma karatasi hii chini ya mlango. Ukimaliza kuisoma usitafute kalamu, barua zimetosha.

Nifungulie.

Dada yako